Bwana kaitwa Ujerumani, na bibi je?

Asalaam aleikum watu wangu wa Mombasa. Wa Kisiwani, Kisauni, Likoni, Changamwe, hamjambo? Leo nimekaa jikoni, na hili jiko lenyewe lina kisa chake, mtakisikia.

Wengi mmenitumia ile habari ya Ulaya kuwaita wanasayansi. Ni kweli. Mei 2025, pale Sorbonne, Paris, Ursula von der Leyen, rais wa Tume ya Ulaya, alisimama na Rais Macron wa Ufaransa akatangaza yuro milioni 500 za mwaka 2025 hadi 2027, za kuwavutia watafiti waje huku. Marekani wamebana pesa za utafiti, basi Ulaya nao wakaona bahari imetulia, tutupe nyavu. Sasa vijana wa Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor mnaniuliza, "Dada, na sisi tumo?" Mumo. Lakini tangazo halisemi yote.

Mume wangu ni mtafiti wa mikoko, na sasa tuko Bremen. Barua yake ya mwaliko ilikuwa tamu, wallahi. Mshahara umeandikwa, maabara imeandikwa, bima imeandikwa. Kuhusu nyumba palikuwa na sentensi moja: tutawasaidia. Huo msaada ulipokuja ulikuwa ni orodha ya tovuti za kupangisha.

Yakhe, nyumba za huku! Nyingi hupangishwa bila jiko. Mpangaji anayehama hung'oa makabati, sinki na kuka yake akaenda navyo. Tulipofunguliwa hii tukakuta mabomba mawili yametokeza ukutani, na soketi, basi. Bamburi ukionyeshwa nyumba kama hiyo utauliza fundi anamaliza lini. Dipoziti nayo sheria inamruhusu mwenye nyumba kudai hadi kodi ya miezi mitatu. Halafu anataka karatasi ya rekodi ya madeni yako ya hapa Ujerumani. Nimeshuka kwenye ndege juzi, madeni nimeyakopea wapi?

Na bila nyumba mambo mengine hayasongi. Ukihamia una wiki mbili za kujisajili kwenye ofisi ya mji, na lazima uje na karatasi aliyotia saini mwenye nyumba kwamba kweli unakaa kwake. Ukishajisajili ndipo namba ya kodi ya mapato hutumwa, tena kwa posta. Sasa hapo posta sikilizeni. Kwetu mtu huelekezwa: pita msikiti, uliza kwa Mama Fulani. Huku tarishi hamuulizi mtu. Jina lako lisipobandikwa kwenye sanduku la barua, barua inarudi ilikotoka, na jirani anayekuona kila asubuhi hatasema neno.

Haya, hayo ya nyumba huisha. Lisiloisha ni langu mimi. Nilikuwa mwalimu wa hisabati na fizikia Kisauni. Kadi yangu ya ukaazi imeandikwa kwamba naruhusiwa kufanya kazi, hakuna kizuizi. Ila kufundisha shule ya serikali kunataka Kijerumani cha juu kabisa, C1 au C2, na vyeti vyangu vikaguliwe upya na mamlaka ya jimbo. Basi mimi niliyekuwa nikisahihisha madaftari ya fomu foo, leo nakaa dawati la mbele nasahihishwa "der, die, das" na binti ninayeweza kumzaa. Anafundisha vizuri lakini, simsemi.

Kwenye ule mwaliko hakuna mahali palipouliza mke anafanya kazi gani. Mimi naona hapo ndipo Wazungu wanapopoteza pesa zao. Unamleta mtu mwenye shahada ya uzamivu kwa gharama kubwa, halafu jioni anarudi kwa mke anayetazama dirisha. Atakaa muda gani?

Na mkataba je? Kuna sheria ya mwaka 2007 inayoruhusu chuo kukupa mikataba ya muda kwa miaka sita kabla ya shahada ya uzamivu na sita baada yake. Mingine hupewa mwaka, mwaka na nusu, unahesabu miezi. Mwaka 2021 Wajerumani wenyewe walichachamaa mitandaoni wakijiita Hanna, jina la yule mwanabiolojia wa katuni kwenye video ya wizara iliyokuwa ikiisifu sheria hiyo. Mwenyeji analalamika, na mgeni kibali chake kinafuata mkataba.

Kwa hivyo wewe uliyepata barua, usione haya kuuliza. Waambie: mkataba miaka mingapi, na nani amewahi kuongezewa? Mna nyumba ya chuo ya miezi ya mwanzo? Vyuo vingi huwa nazo, ila ni chache, asiyeomba mapema hapati. Taja na kazi ya mkeo au mumeo, hata kama hawakuuliza.

Kuna dada wa Likoni kaniuliza kama mke lazima apite mtihani wa A1, ule wa Kijerumani cha mwanzo, kabla ya viza. Mumeo akiwa na kibali cha mtafiti au kadi ya buluu, kile kibali cha Ulaya cha wataalamu wenye shahada, hulazimiki. Lakini kisome, tena hapo hapo, maana Mombasa walimu wa Kijerumani hawakosi. Hata vijana wa ufukweni Diani wanakimwaga. Na vyeti vyako, transkripti, barua ya TSC, ile tume ya walimu ya Kenya, vyote viweke kwenye mkoba wa mkononi. Usivitie kwenye sanduku la mizigo.