Oxford: Maua ya Mtihani na Kengele ya Saa Tatu na Dakika Tano

Haya, watu wa Nairobi, hapa ni Oxford, Uingereza, mahali ambapo watu wamekuwa wakifundishwa tangu 1096. Ukitoka London, treni ya kutoka stesheni ya Paddington ni kama saa moja. Basi ni nafuu, ila jam ikikushika imekushika. Usitafute geti kuu la chuo kikuu kama pale University Way, Chuo Kikuu cha Nairobi. Chuo kimegawanyika katika koleji zaidi ya 30, kila moja na mlango wake, bawabu wake na ukumbi wake wa kulia, zimechanganyika na maduka ya mjini. Angalia tovuti ya koleji asubuhi hiyo hiyo, maana msimu wa mitihani, Mei na Juni, baadhi hufungia wageni. Na nyasi za uani usizikanyage, hata kwa picha.

Sasa tazameni hawa vijana wenye suti nyeusi na ua kifuani. Si harusi, ni mtihani. Sheria ya chuo inadai suti ya rangi nzito, shati jeupe, tai na joho. Kofia bapa hubebwa mkononi. Desturi ni kutoivaa kabla ya kuhitimu. Ua halimo kwenye sheria, ni mazoea tu: kaneshoni, lile tunalouza nje sisi Wakenya. Jeupe ni karatasi ya kwanza, pinki zile za katikati, jekundu ya mwisho. Mwaka 2015 wanafunzi walipiga kura, na zaidi ya robo tatu wakataka mavazi haya yabaki.

Lakini angalieni mikono ya joho. La kawaida ni fupi, halina mikono. Aliyeng'ara mitihani ya mwaka wa kwanza huvaa refu zaidi, lenye mikono mipana. Yaani mnaingia chumba kimoja cha mtihani na nguo zimeshatangaza nani mkali. Hapo, kwangu, wamezidisha.

Usiku usiikose Great Tom, kengele ya Christ Church. Hulia mara 101, hesabu ya wanafunzi wa mwanzo wa koleji hiyo, saa tatu na dakika tano. Kwa nini tano? Oxford iko magharibi ya Greenwich, pale London saa inapopimiwa, kwa hiyo saa tatu ya hapa ilichelewa dakika tano hivi. Reli ikalazimisha miji ifuate saa ya London, kengele ikagoma. Simama barabara ya St Aldate's, chini ya mnara, bila tiketi. Ukitaka kurekodi yote, chaji simu kwanza, na ujue mabasi yatakupigia kelele katikati ya hesabu.