Gesi Gani kwa Bati Jembamba la Gari?

Pitishianeni hivi vipande viwili wakati naongea. Vyote ni bati la bodi, unene milimita 0.8. Mashine ya kuchomelea ni ileile ya MIG, ile inayosukuma waya wenyewe, na waya ni uleule wa milimita 0.6. Nilichobadilisha ni mtungi wa gesi, na volti nikaigusa kidogo tu ili kila gesi ipate haki yake. Hebu papasa mshono kwa kidole. Kimoja kinakwaruza: chembe za chuma zimeruka zikagandia pembeni, na mshono umetuna kama kamba. Hicho ni cha CO2 tupu, yaani kabonidayoksaidi. Hicho kingine, mshono wake umelala. Ni mchanganyiko, argoni asilimia 80 na CO2 asilimia 20.

Wengi tulifundishwa kwamba kazi ya gesi ni kufukuza hewa isiguse chuma kilichoyeyuka. Ni kweli, lakini gesi hiyohiyo ndiyo umeme unamopita. Argoni inapitisha umeme kwa urahisi, kwa hiyo tao, yaani ule moto wa umeme kati ya waya na bati, linatulia hata kwa volti ndogo. CO2 inadai volti zaidi, inapenya ndani zaidi, na inarusha cheche. Kwenye fremu nene, huko kupenya ni baraka. Kwenye mlango wa gari, ukichelewesha mkono kidogo tu, bati limetoboka.

Najua swali linalokuja: si bora basi argoni tupu? Hapana, si kwa MIG kwenye chuma. Tao linayumba, mshono unakuwa mwembamba uliosimama, na kingo za bati zinaliwa. Argoni tupu iwekeni kwa aluminiamu, na kwa TIG, ile ya kuchomelea kwa sindano ya tangsteni isiyoyeyuka. TIG nayo msiipe CO2 hata kidogo, itaunguza ile sindano.

Mimi kwa bodi nachukua argoni ya asilimia 75 mpaka 85, sihangaiki na tofauti ndogo za hapo katikati. Mwenye CO2 peke yake asikate tamaa. Achome nukta moja, aachie, ahamie mbali kidogo, bati lipoe. Kwa kweli hata mwenye mchanganyiko afanye hivyohivyo, maana hakuna gesi inayozuia bati kupinda likivutwa na joto. Atakachoongeza mtu wa CO2 ni muda wa kusaga kwa grainda.

Sasa vijitundu. Niliwahi kuhangaika nusu siku na kizingiti cha mlango, mshono umejaa matundu kama sponji. Nikafungua gesi zaidi. Ikazidi kuharibika! Nikafungua tena, mpaka lita 25 kwa dakika. Kumbe nyuma yangu feni inazunguka, inapeperusha gesi yote, na mimi kwa kuisukuma kwa nguvu naifanya ijizungushe kwenye nozeli, ule mdomo inapotokea, na kuvuta hewa ndani. Nilizima feni, nikarudi lita 10, yakaisha. Lita 8 hadi 12 zinatosha kwa kazi hii.

Bati lenye zinki ni kesi nyingine. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907, chuma kinayeyuka karibu 1,500, kwa hiyo mvuke unatoka kabla hujaanza kuunganisha chochote. Saga zinki pale unapochomea, vaa barakoa inayofaa, maana moshi ule mweupe unaleta homa. Ama tumia waya wa shaba wenye silikoni pamoja na argoni tupu. Huo unayeyuka mapema, na bati lenyewe haliyeyuki.

Ndiyo, mzee hapo nyuma? Geji, inaonyeshaje gesi iliyobaki? Swali zuri. Kwenye mtungi wa mchanganyiko, geji ikishuka nusu, gesi imebaki kama nusu. CO2 imo kama kimiminika, kwa hiyo geji inasimama palepale, kama bar 57 siku ya nyuzi 20, mpaka kimiminika kiishe, halafu inaporomoka ghafla. Mtungi wa CO2 pima kwa mizani. Uzito mtupu umegongwa pale shingoni.