Jioni Haitaki Ukuzaji wa Mara 24: Mhadhara kwa Wawindaji Wapya wa Texas

Ndugu zangu, habari za mchana. Najua wengine mmenisikia nikiyasema haya mpaka mmechoka. Lakini kila Novemba, msimu wa kulungu ukifunguliwa, napigiwa simu ileile: "Mzee, nimenunua darubini ya bunduki inayokuza mara 24, mbona jioni sioni kitu? Ni mbovu?" Si mbovu. Ulikwenda dukani ukanunua tarakimu.

Nani amekuja na darubini? Ilete hapa mbele. Haijafungwa kwenye bunduki, safi. Iweke kwenye ukuzaji wa 9, ielekeze dirishani, kisha nyoosha mkono iwe mbali na uso. Tazama kioo cha nyuma, kile unachowekea jicho. Unakiona kiduara cha mwanga? Sasa zungusha pete ya ukuzaji taratibu, shuka hadi 6, shuka hadi 3. Kinanenepa, sivyo? Pitisheni, kila mtu aone.

Kiduara hicho ndicho mwanga wako wa jioni. Upana wake unaupata kwa kugawanya kipenyo cha lenzi ya mbele kwa ukuzaji. Hii ina lenzi ya milimita 40: kwenye 9 unapata milimita 4.4, kwenye 6 unapata 6.7. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Ya mtu wa rika langu ikifika 5, ashukuru Mungu. Kiduara kikiwa chembamba kuliko mboni, picha inafifia. Kikiwa kinene zaidi, mwanga unaozidi unaishia kwenye ile duara ya rangi inayozunguka mboni, huna faida nao. Na wale wauzaji wanaosema darubini "inakusanya mwanga" mpaka giza linakuwa mchana, wacheni wauze. Hakuna darubini ya vioo pekee, isiyo ya umeme, inayoweza kuifanya picha ing'ae kuliko unavyoiona kwa macho yako.

Shemeji yangu alibisha. Tulikaa kwenye kibanda cha kuvizia kule Llano, hapa Texas, yeye na darubini yake ya 6 hadi 24 yenye lenzi ya 50, mimi na kikongwe changu cha ukuzaji wa 4 tu na lenzi ya 32. Jua limezama, kulungu akatokeza kwenye ukingo wa vichaka vya mesquite. Shemeji akatazama, akashusha, akafuta kioo kwa shati, akatazama tena. "Naona weusi tu." Mimi naona dume, pembe zile pale. Nikamnong'oneza arudishe pete hadi 6. Akanikazia macho kana kwamba nataka kumharibia kitu cha thamani. Alipoirudisha, akaguna: pembe zimetokea! Gawanyeni wenyewe: 50 kwa 24 ni milimita 2.1, 50 kwa 6 ni zaidi ya 8. Kulungu lakini hakusubiri hesabu zetu, alishaondoka.

Najua kuna mtu anataka kusema, "Mbona Wajerumani wanatumia 8 kwa 56, yaani ukuzaji wa 8 na lenzi ya milimita 56?" Wanatumia, na wana sababu. Mjerumani hukaa juu ya mnara usiku wa mbalamwezi akisubiri nguruwe mwitu, ambao sheria yao inaruhusu kuwawinda usiku. Hapa Texas, kuwinda kulungu mwisho wake ni nusu saa baada ya jua kuzama. Katikati ya Novemba hiyo ni kama saa kumi na mbili jioni, anga bado lina weupe. Unabeba kioo cha 56 cha nini? Kinaongeza uzito, kinadai vishikio virefu, shavu halitulii kwenye kitako cha bunduki. Na kama mboni yako ni 5, lenzi ya 40 kwenye ukuzaji wa 8 imeshakujaza jicho.

Ila msishuke hadi 3 mkadhani mmemaliza. Mnyama akiwa mdogo kwenye kioo hutofautishi pembe na matawi. Kwa lenzi ya 40, kaeni kati ya 6 na 8.

Hela basi iende wapi? Kwenye mipako ya lenzi. Kila uso wa kioo usiopakwa hurudisha takriban asilimia 4 ya mwanga. Darubini yenye nyuso 10 za namna hiyo imeshapoteza theluthi moja kabla mwanga haujafika jichoni. Alexander Smakula wa Zeiss, kampuni ya vioo ya Ujerumani, alipata dawa yake mwaka 1935, yaani utando mwembamba unaopunguza mwanga unaorudishwa; leo hata za bei nafuu zinapakwa. Kwenye boksi tafuteni maneno "fully multi-coated", yaani nyuso zote zimepakwa tabaka kadhaa. Pakiandikwa "coated" peke yake, huenda ni uso mmoja tu uliopakwa. Ya 3 hadi 9 kwa 40 iliyopakwa vizuri inapatikana kwa dola 200 au 300, basi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haraka haraka: msalaba wa shabaha uwe mnene, mwembamba unamezwa na kivuli. Msalaba ukiwa na taa, hakikisha taa hiyo inaweza kufifishwa sana, la sivyo inakupofusha. Bomba la milimita 30 haliongezi mwanga. Kupekua vichaka ni kazi ya darubini ya mkononi, si ya bunduki, maana kile kinachotikisika kinaweza kuwa mwenzako.

Na msijaribu darubini chini ya taa za duka, pale zote ni nzuri. Mwombeni muuzaji mtoke nje jua linapozama, shikeni mbili zilizowekwa ukuzaji sawa, mtazame gome la mti lililo kivulini. Akikataa, duka la pili liko ng'ambo ya barabara. Haya, maswali. Dada wa mbele, anza wewe.