Mvua ya Limuru, Maji Mekundu ya Malindi

Asalaam aleikum. Wazee wangu, akina mama, na nyinyi vijana mlokaa huko nyuma kwenye mashua, sogeeni karibu bwana, spika yenyewe ndogo.

Niliambiwa nizungumze mambo ya hali ya hewa na nikasema sawa, lakini leo nitawazungumzia mlima. Najua kuna mtu hapa ashajiuliza, sisi watu wa Malindi mlima wetu upi? Ngojeni kidogo. Tazameni hii chupa. Maji haya niliyateka mto Sabaki pale chini ya daraja leo adhuhuri, na tangu nimeiweka hapa mezani hatujaigusa. Waona, juu yaanza kuwa maangavu, na huku chini tope lishalala, nene kama kidole, jekundu. Sasa mvuvi yeyote hapa ashika mchanga wa kwetu kila siku, mchanga wa Malindi si huu. Tope hili latoka mashambani huko juu, upande wa Kiambu, upande wa Machakos, mtu alikuwa analilima mahindi, mvua ikalibeba likapita maporomoko ya Fourteen Falls, likafuata Yatta, likaingia Tsavo, hapo mto ukabadilisha jina ukaitwa Galana, likapita maporomoko ya Lugard Falls, halafu mto ukafika kwetu ukaitwa Sabaki. Mto mmoja huo, kule juu waitwa Athi.

Kwa hivyo mlima wetu tunao, ila uko mbali.

Sasa hii Machi na mwanzo wa Aprili, nyote mwaijua bahari inavyokuwa. Upepo wa kaskazi umechoka, wa kusi haujashika. Wazee waliita tanga mbili, upepo waja huku, wageuka kule, saa nyingine hakuna kabisa na jua lachoma mpaka mtu hana pa kukaa. Tunaona ni mambo ya bahari tu. Lakini kule milimani wakati ni huo huo na sababu ni ile ile! Jua siku za tarehe 20 au 21 Machi liko juu ya ikweta sawasawa, ule ukanda wa mvua nao walifuata, na upepo mkubwa wa kuitawala nchi nzima hakuna. Upepo mkubwa ukiondoka kila mlima na kila bonde lafanya mambo yake lenyewe.

Nitawaeleza vipi, kwa sababu hapa ndipo penye utamu. Mvuvi atoka alfajiri na umande, si ndiyo? Ule upepo wa bara wamsukuma nje. Mchana nchi kavu yapata moto kuliko maji, upepo wageuka waja nchi kavu, naye arudi nao. Basi mlima na bonde ni hivyo hivyo. Usiku hewa ya mlimani yapoa, yawa nzito, yateremka polepole mpaka bondeni ikakaa kule chini kama maji kwenye bakuli, ndio maana asubuhi bonde laweza kuwa na baridi na ukungu hali mlima uko wazi. Jua likipanda ubavu wa mlima wapata moto, hewa yaanza kupanda kutoka bondeni, na ikipanda yapoa, kila mita 1,000 joto lapungua kama nyuzi kumi hivi, mpaka mvuke wake wageuka wingu. Saa tano wingu dogo jeupe. Saa saba limekuwa kubwa limetuna. Saa tisa radi, na mvua ya mawe ikiwa bahati mbaya, halafu magharibi kumetulia kabisa na nyota zatoka. Kesho yake tena, au kesho yake hakuna kitu, au yanyesha mlima wa pili na huu ubaki mkavu. Hiyo ndiyo hali isiyotulia, na hata nchi za theluji huko Ulaya, milima ya Alps, mwanzo wa majira ya kuchipua nako si shwari, asubuhi jua la kupendeza, jioni theluji.

Mimi mwenyewe mwezi wa tatu mwaka mmoja nilikuwa kwenye matatu kutoka Limuru kuteremka Mai Mahiu. Kule juu watu wamevaa makoti, ukungu hata taa za gari la mbele hazionekani vizuri, mtoto mmoja aliyekaa karibu nami midomo yamtetemeka, mamake akamfunika na leso. Tukateremka ukingo wa Bonde la Ufa, nafikiri nusu saa haikufika, chini vumbi na jua kali, yule mtoto kavuliwa sweta na ataka maji. Nikageuka kutazama tulikotoka, ukingo wote mweusi wa wingu. Mahali pale sitapasahau kwa sababu usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka hapo Mai Mahiu na matope na mawe, watu wakafa makumi, wengine wamelala. Mungu awarehemu. Mvua ilinyesha juu, walokufa walikuwa chini.

Na sisi tuko chini zaidi. Hili ndilo linaloniumiza. Mwenye shamba pale ukingoni mwa Sabaki aangalia juu, aona mbingu ya Malindi ni ya buluu, alala usingizi wake, hali maji yako njiani siku kadhaa. Mamangu mdogo alipoteza mahindi na mbuzi namna hiyo, siku ambayo hata tone halikuanguka kwake. Ilani ilikuja, ndio, kwa simu, kwa Kiingereza, na ilifika maji yashaingia jikoni.

Bahari nayo msiisahau, maji yakiwa rangi ya chai mpaka kwenye matumbawe ya pale Marine Park, hifadhi yetu ya bahari, samaki wasogea, na magogo yaelea usiku huyaoni, yatoboa mashua. Hata maji ya bomba mnayokunywa yatoka Baricho, chini ya mchanga wa mto huo huo.

Mwisho wa Aprili kusi hushika. Vasco da Gama aliondoka hapa tarehe 24 Aprili 1498 na upepo huo, akiongozwa na rubani aliyempata hapa hapa. Lakini mto haufuati kusi, masika ya huko juu yaendelea mpaka Mei.

Haya, nahodha ameniuliza afanye nini. Mimi nakwambia babangu, una mjukuu Thika, si ndiyo? Machi na Aprili mpigie simu kila jioni, usimuulize habari za kazi peke yake, muulize kumenyesha? Kumenyesha siku ngapi mfululizo? Mto Athi pale Fourteen Falls una rangi gani? Akikwambia siku ya tatu mfululizo, wewe vuta mashua zako mbali na mdomo wa mto, na umpigie mama wa shamba la ukingoni ahamishe mbuzi usiku huo huo, asingoje kuona wingu.

Hiyo ni magharibi yaadhiniwa. Mwenye swali jingine tutaendelea baada ya sala, chupa naiacha hapa hapa mezani.