Soksi sita za kupeleka Wete

Asalaam aleikum ndugu zangu, na jirani zetu Wakristo heri ya sikukuu inayokuja. Leo nipo jikoni kwangu hapa Uingereza, saa kumi jioni na nje kiza kishaingia. Mezani hapa, ngoja niishushe kamera muone, kuna jozi sita za soksi ndefu, zile za kuchezea mpira. Begi liko chini pale bado wazi. Kuna ndugu anasafiri wiki ijayo, kanikubalia kilo 5 katika 23 zake, na kilo hizo 5 nimezipigia hesabu kama mtu anayepima karafuu.

Soksi tatu ni za watoto wa Mwalimu, jirani yetu wa Wete, kisiwani Pemba. Wao ni Wakristo. Tangu tuko wadogo sahani ya pilau ya Idi inatoka kwetu kwenda kwao, na Krismasi sahani inarudi imejaa. Soksi tatu nyingine ni za watoto wa dada yangu. Nilitaka wao wasubiri Idi, lakini mamaangu keshaniambia hawezi kumpa mtoto wa nyumba ile mbele ya macho ya mtoto wa nyumba hii. Basi zote sita zitatolewa siku moja.

Kwa nini soksi? Huku watoto hutundika soksi usiku wa tarehe 24 Desemba, na asubuhi huzikuta zimejaa vitu vidogo vidogo. Bibi mmoja ninayefanya naye kazi ndiye aliyenihadithia asili yake. Wanasema Mtakatifu Nikolasi, askofu wa Myra, mji uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Uturuki, alisikia habari za baba mmoja masikini mwenye mabinti watatu asiyeweza kuwaoza. Usiku akawarushia dhahabu ndani, ikaangukia kwenye soksi zilizoanikwa zikauke. Ndiyo maana mpaka leo huku, ncha ya soksi, pale pa vidole, hutiwa chenza. Chenza ndiyo dhahabu yenyewe. Mimi niliposikia nilicheka kwa furaha, maana chenza ni tunda la kwetu. Kwa hivyo chenza sitozibeba. Mama, hizo utanunua sokoni hapo hapo, moja kila soksi, na uzitie wewe.

Sasa nije kwenye lililonikalisha hapa. Mimi nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua taka za majumbani, zile za kurejelezwa. Nasimama kwenye mkanda. Taka zinapita mbele yangu na mimi natoa kisichotakiwa. Wiki ya kwanza ya Januari ndiyo nzito kuliko zote. Mkanda unakuja umejaa karatasi za kufungia zawadi, zinang'ara kama samaki. Karatasi ile ukiifinya kiganjani ukaiachia ikabaki imejikunja, hiyo ni karatasi. Ikijifungua yenyewe, ina plastiki ndani, haifai kitu. Wenyeji wanaijua kanuni hiyo, na bado zinakuja kwa magunia. Baadaye zinakuja taa za mti wa Krismasi, zile za waya mrefu. Zinajisokota kwenye mihimili kama mwani kwenye rafadha ya boti. Mashine inasimamishwa, umeme unakatwa na kutiwa kufuli, halafu mtu anapanda na kisu akate waya mmoja mmoja.

Lakini kilichonibadilisha mimi ni vitu vidogo. Kabla ya mkanda wetu kuna pipa kubwa la chuma lenye matundu, linazunguka kama chekecheke. Kila kilicho kidogo kuliko tundu kinaanguka chini pamoja na vigae vya chupa na mchanga. Kikishaanguka hapo hakuna mkono utakaokifikia. Kigari, kifirimbi, pete ya plastiki, mdoli wa ukubwa wa dole gumba. Na hata ungekifikia ungekifanya nini? Ndani yake mna plastiki, skrubu, kijiwaya na betri, vimeshikamana pamoja. Nimeviona vingine bado vina kibandiko cha bei. Januari, siku tisa baada ya sikukuu, na kibandiko cha bei hakijabanduka.

Nikajiuliza: vitu vyote vinavyoenea kwenye soksi si ndivyo vinavyoenea kwenye tundu lile?

Na mimi mwenyewe niliwahi kuvituma. Mwaka juzi, mnakumbuka, nilileta pete za kuwaka taa, pakiti nzima kwa bei ya vikombe viwili vya chai. Watoto walifurahi siku ile, ua zima linametameta. Siku ya tatu zote zimezima. Siku ya nne mtoto mdogo wa dada yangu, alikuwa na miaka miwili, kaipasua moja akatoa betri. Ile betri ya saa, bapa, mviringo kama kidonge. Mamaangu akamwona shavu moja limevimba, akamtemesha. Alhamdulillahi. Mimi niliambiwa kwa simu nikiwa kazini, miguu ikaniishia nguvu. Nataka kila mzazi anayenisikiliza alijue hili: betri ile ikikwama kooni inaunguza nyama ndani ya saa mbili tu. Hata iliyokufa isiyowasha taa bado inaunguza. Mtoto akiimeza, au ukishuku tu kwamba kaimeza, mbio hospitali, usingoje uone kama itatoka.

Kwa hivyo sheria yangu ya kwanza mwaka huu: hakuna betri ya kidonge ndani ya soksi. Ya pili: kila kitu kiwe cha kuliwa kikaisha, cha kutumika mpaka kichakae, au cha kudumu. Huku kuna mkanda na kuna sisi tunaosimama mbele yake, na bado tunashindwa. Kwetu Wete kisichokusanywa mtaani mvua ya masika inakisukuma mtaroni, mtaro unakipeleka mikokoni, na maji yakijaa yanakirudisha bandarini. Na sisi si watu wa kufundishwa jambo hili. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Bara wakafuata Juni 2019. Inaniuma kwamba mfuko tumeukataa, halafu sisi tulioko nje tunaileta plastiki ile ile imevaa sura ya zawadi.

Haya, tujaze. Naisogeza kamera.

Soksi yenyewe kwanza. Hii ni pamba kwa wingi, imefumwa nene, shika hapa kisiginoni uone. Ni zawadi tayari kabla hujatia kitu, kwa sababu ni jozi: moja inajazwa, mwenzake anakunjwa anatiwa juu kama kifuniko. Mtoto ataivaa skuli, ataichezea mpira. Ikitoboka kidole itashonwa. Ikishindikana kabisa, nyinyi mnajua inakwenda wapi: inajazwa matambara, inafungwa, inakuwa mpira wa nage, ule mchezo wa kulengana kwa mpira. Mimi mpira wangu wa kwanza wa nage ulikuwa soksi ya marehemu babu.

Wa miaka minne na wa saba: penseli za rangi za mti mtupu, hazikupakwa rangi nje. Kichongeo cha chuma, kizito hivi, maana cha plastiki kinapasuka muhula haujaisha. Kamba ya kuruka ya pamba yenye vishikio vya mti. Gololi kumi za kioo kwa yule wa saba tu, wa miaka minne bado anatia vitu mdomoni. Na pia. Vijana wengine hawaijui tena pia, ile ya mti inayozungushwa kwa uzi. Nimeiona huku dukani kwa bei ya kutisha, nikairudisha. Fundi seremala yeyote hapo Wete anaichonga kwa kipande cha mbao kilichobaki. Kaka yangu, hilo nakuachia wewe, pia mbili.

Wa miaka tisa, mtoto wa Mwalimu, anapenda bao. Kwake sitii kitu cha dukani. Namwomba mama amwokotee komwe pwani, 64 kwa bao zima, na mimi nimemshonea kifuko cha kitambaa cha kanga kuukuu cha kuzitilia. Hiki hapa. Mshono haukunyooka sana, ila mkono ni wangu.

Wakubwa ndio wanaonipa raha, maana watu wengi wanawasahau au wanawatumia vikorokoro vya simu. Kijana wa miaka 16, wa dada yangu, ana baiskeli, skuli yake iko mbali. Angalieni hiki kikopo. Ndani mna viraka, kijityubu cha solusheni, ile gundi ya viraka, kipande cha msasa na chaki ya kuwekea alama. Kina ukubwa wa kiberiti. Tairi likipata pancha njiani, anaweka alama kwenye tundu, anasugua kwa msasa mpira upate ukwaruzi, anapaka solusheni, na hapa ndipo wengi wanapokosea: usibandike papo hapo. Ngoja ikauke mpaka ukiigusa isishike kidole, ndiyo ubandike na kukandamiza kwa nguvu. Kiraka hicho kitaishi kuliko tairi. Na kikopo kikimaliza viraka anatia vingine vya kukata kwenye tyubu kuukuu.

Wa miaka 15, mdogo wake, mikono yake imetulia. Bibi yake kamwanzishia kushona kofia. Nimemtilia sindano nyembamba za saizi tatu na vibunda vya uzi wa kudarizi, mweupe, kahawia na rangi ya maziwa. Mnaojua kofia ya mkono mnajua kazi yake: vile vitundu vidogo kila kimoja kinazungushiwa uzi pembeni, kimoja baada ya kimoja, wiki kwa wiki, mpaka ua lijitokeze. Uzi mbaya unafumuka kofia ikifuliwa mara mbili na kazi yote imepotea. Huu nimeufua mwenyewe kwa maji ya moto kabla sijaununua mwingi. Haukuchuja. Kofia moja ikimalizika vizuri inauzwa kwa pesa ya maana, na kijana atakuwa kajinunulia sikukuu yake mwenyewe.

Na binti wa miaka 13 wa Mwalimu. Kina baba naomba msiondoke, maana nyinyi ndio mnaotoa pesa ya matumizi. Mama yake niliongea naye kwanza, kaniruhusu. Nimemtilia pedi za kufua nne na kifuko chake cha kuchukulia skuli. Nje kitambaa kisichopitisha maji, ndani pamba, zina kifungo cha kubana. Zinafuliwa kwa maji ya baridi kwanza, maji ya moto yanaigandisha damu, kisha sabuni, kisha zinaanikwa juani. Juani kweli, siyo uvunguni mwa kitanda kwa kuona haya, maana ndani ya unyevu zitaharibika na zitamdhuru. Pedi hizi zikitunzwa zinakwenda miaka. Mtoto wa kike asikose skuli siku nne kila mwezi kwa kukosa kitu cha uzito wa leso. Hili kwangu ni kubwa kuliko vyote vilivyomo humu mezani.

Tochi? Nimeulizwa sana. Umeme wa Pemba unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, lakini unakatika na watoto wana masomo ya usiku. Nimetia moja tu, ya nyumba nzima, ya kuchaji juani, na nimeichagua kwa sababu hii skrubu hapa: inafunguka, betri inatoka, inatiwa nyingine. Tochi iliyogundishwa kwa gundi usinunue hata ukipewa nusu bei.

Peremende na chokoleti za huku sitii. Halua iko Wete, na hakuna halua ya kuishinda. Mama, nunua ile inayofungwa kwenye kikapu kidogo cha ukili, wakimaliza kula, kikapu wanatilia gololi. Kashata na karanga funga kwenye karatasi ya daftari lililokwisha.

Karatasi ya kung'ara haipo. Soksi zote sita nazifunga ndani ya kanga hii mpya, doti moja, na kanga ni ya mamaangu. Jina silisomi hapa, atalisoma mwenyewe akiifungua.

Nimepima sasa hivi: kilo 3 na robo. Imebaki nafasi, na nimeamua nitaijaza jozi ya pili ya soksi kwa kila mtoto, kwa sababu moja ikitoboka nyingine iwepo. Lakini hizi nilizonazo nimekisia ukubwa wake kwa picha. Dada, na Mwalimu pia kama unanitazama, wasimamisheni watoto juu ya karatasi, wachoreni nyayo kwa penseli, mnitumie picha zote sita kabla ya Ijumaa. Wa miaka 16 muhimu zaidi, naambiwa mguu umempita baba yake. Duka linafungwa saa kumi na moja na nusu, na begi linaondoka Jumapili.