Daftari la Msiba, Daftari la Mafuriko

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, vijana, wajumbe wa mashina, asanteni kwa kuja.

Nianze na jambo tunalolijua sote. Mtu akifariki usiku hapa Kigogo, kukipambazuka turubai limeshafungwa. Viti vimefika, masufuria yametoka kwa jirani, yupo anayeshika daftari la michango na yupo aliyekwenda kushughulikia kaburi. Hakuna anayesubiri barua ya manispaa. Sasa mbona maji yakija, kila mtu anakimbia na godoro lake?

Desemba 2011, siku chache baada ya sherehe za miaka 50 ya Uhuru, jiji hili la Dar es Salaam lilipata mvua kubwa ambayo haikuwa imeonekana tangu 1954. Watu zaidi ya 40 walifariki. Baadhi ya familia za mabondeni zikapelekwa Mabwepande, mbali nje ya mji. Wapo waliobaki na wapo waliorudi, nami siwalaumu. Jangwani ni hatua chache kutoka Kariakoo, na riziki iko Kariakoo. Anayemwambia mama lishe ahame, amwambie na wali wake atamuuzia nani.

Kwa hiyo nazungumza na ninyi mliopo.

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Tabata, unatufikia sisi, kisha unaingia baharini pale daraja la Selander. Jua linaweza kuwa linawaka hapa na maji yako njiani. Yakifika chini wakati wa bamvua, bahari imejaa, mto unakosa pa kumwaga. Maji yanasambaa Jangwani. Na mchanga unaosombwa kutoka juu unatua hukohuko, mto unazidi kuwa na kina kifupi. Ndiyo maana naomba kila shina liwe na namba ya simu ya mtu anayeishi juu ya mto. Tahadhari ya Mamlaka ya Hali ya Hewa tuisikilize, lakini jirani wa Vingunguti ndiye anayeyaona maji kwa macho.

Simu ikishapigwa, nani anambeba bibi asiyeweza kutembea? Hapa nataka nikae kidogo. Kila mtu akiulizwa anajibu, "Vijana watambeba." Vijana gani? Ndiyo kazi ya daftari ninalolitaka. Aandikwe mzee asiyeona, mjamzito aliyekaribia kujifungua, mtoto mwenye ulemavu. Mbele ya kila jina yaandikwe majina mawili ya wabebaji, kwa sababu mmoja anaweza kuwa kazini. Iandikwe na nyumba iliyo juu watakakopelekwa, mwenye nyumba awe amekubali mapema. Aandikwe na atakayepita kuhakikisha umeme umezimwa.

Elimu hiyo mnayo. Mwaka 2015 Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za mitaa yetu, ulipoanza, wanafunzi wa vyuo waliingia mitaani na simu zao kuchora mitaro na njia. Lakini maji yanafika wapi, hilo waliambiwa na wenyeji. Mzee anayeweka kiganja ukutani na kusema "yalifika hapa" ana kipimo ambacho hakimo kwenye ofisi yoyote. Pigeni rangi alama hiyo, mpangaji mpya aione kabla hajalipa kodi.

Kuna moja halipendezi kusemwa mbele ya wakwe, nalisema. Kutapisha vyoo mvua inaponyesha. Tunafungulia uchafu uende na maji, na maji yanaingia kwa jirani wa chini, watoto wanacheza humo. Kipindupindu hakishuki na mawingu. Gari la kunyonya ni ghali, najua, na mengine hayapiti kwenye vichochoro vyetu. Basi vikoba vyetu viweke fungu la vyoo kabla ya masika, kama tunavyoweka fungu la msiba.

Masika huanza Machi. Daftari hili nililoshika ni jipya, halina jina hata moja. Mjumbe wa shina la mtoni, karibu mbele, tuanze na nyumba za kwako.