Kinanda Kinachopiga Jengo

Wazee wangu, shikamooni. Walimu na ndugu zangu mliofika, karibuni. Nitazungumza juu ya kinanda kimoja ambacho chenyewe hakitoi sauti yoyote.

David Byrne, mwanamuziki aliyezaliwa Scotland mwaka 1952 na kukulia Marekani, wengi wanamfahamu kwa kundi la Talking Heads. Mwaka 2005, mjini Stockholm, alichukua kinanda cha zamani cha kukanyaga, cha aina ile iliyotumika makanisani kabla ya umeme, akakiunganisha na jengo lililokuwa kiwanda. Nyaya na mirija ya kupitishia hewa ilitoka mgongoni mwa kinanda, ikatambaa hadi kwenye nguzo, boriti na mabomba. Mwaka 2008 kazi hiyo ilikuwa New York, katika jengo la zamani la vivuko, na mwaka 2009 ilifika London, katika Roundhouse, banda lililojengwa mwaka 1847 kwa ajili ya injini za treni. Sisi watu wa reli hilo la mwisho linatuhusu.

Kila kibonye kina kazi yake. Kimoja huamuru nyundo ndogo ya umeme igonge nguzo, kingine huwasha mota inayoitetemesha boriti hadi ingurume, na kingine hupeleka hewa kwenye bomba, likapiga mluzi. Hakuna spika hata moja: unabonyeza hapa, na chuma kinajibu kule juu ya kichwa chako. Kwa kuwa sauti hizo hazikupangwa kwa ngazi ya muziki, mpiga kinanda hodari na mtoto wa miaka sita huketi pale wakiwa sawa. Wapo watakaosema kwamba huo si muziki. Mimi nawauliza kama kibuyu cha zeze nacho si sehemu ya zeze.

Hapa kwetu mfano tunao. Shule nyingi kengele yake ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe. Kigonge, kisha kishike kwa kiganja: sauti inakufa papo hapo, kwa sababu mkono umeuzuia mtetemo. Kilaze chini ukigonge tena, utasikia mlio mfupi, mkavu, wa chuma kilichobanwa na udongo. (Zamu ya kupiga kengele tuliigombania kuliko mpira.) Kwa sababu hiyo hiyo, nguzo ya chuma yenye uwazi ndani italia, na ile iliyojazwa zege itanyamaza hata ukiigonga kwa nguvu zako zote.

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, na stesheni ile ya Wajerumani bado imesimama. Siku tukiruhusiwa kufanya jambo kama hili pale, nadhani kuta zake nene hazitatujibu, na itatubidi tutafute vyuma. Kabla ya mota na nyaya, ambazo ni ghali, yafaa tutembee jengo zima tukigonga na kusikiliza, tukiandika kila kinacholia na namna kinavyolia. Nyundo ya mti nimekuja nayo, ipo hapa mezani. Tukimaliza maswali tutaanza na nguzo hiyo iliyo karibu na mlango.